Kukunja makopa ya karatasi nyumbani na watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila likizo inapokaribia, maswali ni yale yale: watoto wako nyumbani, televisheni imewachosha, hela ya mapambo haipo, tufanye nini? Jibu langu huwa karatasi. Kopa, yaani lile umbo la moyo, mtoto analitambua hata kabla hajajua kusoma, na linatoka kwenye karatasi moja tu iliyokunjwa vizuri. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi na wazazi, walezi na akina dada wanaoshinda na watoto.

Mnaposema kopa la kukunja, mna maana gani?

Kuna aina tatu nitakazozieleza. La kwanza linakunjwa kutoka kwenye karatasi ya mraba, bila gundi wala mkasi. La pili ni la utepe, linalofaa watoto wadogo. La tatu ni la kusuka, la watu wa Denmark, na ndilo linalowasisimua watoto wakubwa. Lile la kukunja karatasi katikati ukachora nusu ya kopa na kulikata ni zuri kwa kadi, lakini kila mtu analijua, kwa hiyo silielezi.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Wa miaka mitatu anaweza kukunja karatasi mara moja katikati na kuikandamiza, na hiyo ni kazi kamili kwake. Miaka minne au mitano, mpe la utepe. Kuanzia miaka sita au saba, la mraba linawezekana ukikaa naye. La kusuka lingoje mpaka minane hivi, isipokuwa kama mtoto ana subira ya pekee. Umri huu si sheria. Mtoto aliyezoea kusuka ukili na bibi yake, au kutengeneza tiara na kaka zake, atakushangaza.

Tunahitaji vifaa gani?

Karatasi, meza ngumu au sakafu safi, na kucha zako. Ukiwa na mkasi wenye ncha butu, rula, gundi na stepla, vizuri. Usipokuwa navyo, anza hivyo hivyo. Mkeka haufai kukunjia kwa sababu mkunjo haukazi juu yake. Weka daftari kubwa au sinia chini.

Karatasi ipi ni nzuri?

Karatasi ya kawaida ya A4 ya gramu 80, ile ya kutolea fotokopi, inatosha kabisa. Ya rangi huuzwa kwa karatasi moja moja kwenye maduka mengi ya vifaa vya shule, hivyo huna haja ya kununua rimu nzima. Karatasi za kufungia zawadi nazo ni nzuri, na kwa sababu zina rangi upande mmoja tu, kopa linatokea vizuri zaidi. Kurasa za kalenda ya mwaka uliopita ni hazina: ngumu kiasi, zinateleza, zina picha. Gazeti linafaa kwa mazoezi, ila wino wake unachafua vidole, na vidole vinachafua kuta.

Manila usiitumie kwa kopa la mraba. Ni nene mno. Kufika hatua ya nne mtoto anapambana na karatasi badala ya kukunja, na mkunjo unapasuka juu na kuonyesha nyuzi nyeupe.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: karatasi ina mwelekeo. Nyuzi zake zimelala upande mmoja, hivyo inakunjika kwa ulaini ukifuata nyuzi na inakaidi ukizikata. Ipinde polepole bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, utausikia mkono ukikuambia upande upi ni mlaini. Kwa kopa la mraba haina shida kubwa kwa kuwa tunakunja pande zote. Kwa kopa la utepe inasaidia sana: kata tepe zako zile zinazopindika kwa ulaini, la sivyo duara zake za juu zitavunjika kona kona.

Nitapataje mraba kamili bila rula?

A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Shika kona moja ya juu, ilete mpaka ukingo mfupi wa juu ulale sawasawa juu ya ukingo mrefu wa pembeni. Unapata pembetatu, na chini yake kipande kimebaki. Kunja kipande hicho kwa kufuata ukingo wa pembetatu, kikate, fungua pembetatu. Huo ni mraba wa sentimita 21.

Kipande kilichobaki, chenye sentimita 8.7 kwa 21, usikitupe. Kinatosha kabisa nusu ya kopa la kusuka pamoja na mkono wake, nitaeleza mbele. Ukichukua karatasi mbili za rangi tofauti, unapata makopa mawili makubwa ya mraba na moja la kusuka, na hakuna cha kupeleka jalalani isipokuwa vipunje.

Kwa mtoto anayeanza, tumia mraba mzima wa sentimita 21. Mikono midogo inataka karatasi kubwa. Watu wazima huwa tunafanya kinyume, tunawapa watoto vipande vidogo kwa sababu wao ni wadogo, kisha tunashangaa wanapolia.

Naomba hatua za kopa la mraba, moja moja.

Weka mraba mbele yako ukiwa umesimama kwa kona, kona moja ikuelekee tumboni. Kama karatasi ina rangi upande mmoja, rangi iangalie meza.

Leta kona ya chini mpaka kona ya juu. Hapa ndipo pa kutulia. Mwambie mtoto: kona zibusiane kwanza, ndipo tukaze. Kidole kimoja kishikilie kona zilipokutana, mkono mwingine uteleze kutoka katikati kwenda pembeni. Kaza kwa kucha, fungua. Kisha kona ya kulia iende mpaka ya kushoto, kaza, fungua. Sasa una mistari miwili iliyokatana katikati kama alama ya kujumlisha. Pale ilipokatana tutapaita kitovu.

Shusha kona ya juu mpaka iguse kitovu. Kaza, usifungue. Juu kumekuwa na ukingo ulionyooka.

Sasa kona ya chini. Ipandishe, ipite kitovu, iende mpaka iguse ule ukingo wa juu ulionyooka. Kaza. Una umbo pana, limenyooka juu na chini, lina ncha kushoto na kulia. Watoto wengi hapa husema “mbona si kopa?” Waambie wasubiri hatua moja.

Shika upande wa kulia wa ukingo wa chini, uupandishe mpaka usimame sambamba na mstari wa katikati. Fanya hivyo hivyo kushoto. Nusu mbili zikutane kwenye mstari bila kupandana. Hapa ndipo kopa linapojitokeza, na uso wa mtoto ndipo unapobadilika, kwa hiyo usimfanyie hatua hii hata kama vidole vinakuwasha. Upande mmoja fanya kwenye karatasi yako, yeye afanye kwenye yake.

Usigeuze bado. Juu kuna vilele viwili vikali, na pembeni kona moja kila upande. Kunja kila ncha ije kwako, kama sentimita moja na nusu kwa mraba mkubwa. Ukikunja zaidi kopa linakuwa la mviringo, ukikunja kidogo linabaki kali. Sasa geuza. Limekwisha.

Kopa linatoka na upana pungufu kidogo ya ubavu wa mraba ulioanzia.

Kopa letu limepinda upande mmoja. Tumekosea wapi?

Karibu kila mara ni mkunjo wa kwanza au wa pili. Kama mistari miwili ya mwanzo haikupita kwenye kona sawasawa, kitovu kimehama, na kila hatua inayofuata inarithi kosa hilo. Sababu ya pili ni mraba usio mraba. Pima kwa kukunja mshazari kwa mshazari: kona zikikataa kukutana, kata upya.

Lakini kama mtoto ameridhika na kopa lake lililopinda, liache. Usilinyooshe akiwa amelala. Watoto huamka na kulitambua, na mara nyingine hawakubali kukunja tena.

Linajifungua lenyewe. Tutie gundi?

Jaribu kwanza kuliweka chini ya vitabu vizito usiku kucha. Ukanda wa pwani, hasa wakati wa masika, karatasi hunyonya unyevu wa hewani na mikunjo hulegea, hivyo tone la gundi nyuma ya zile ncha nne ndogo si dhambi.

Mwanangu anakata tamaa katikati. Nimsaidieje?

Angalia kwanza umekaa wapi. Ukikaa mbele yake, anaona kila kitu kimepinduliwa: kulia kwako ni kushoto kwake, juu kwako ni chini kwake. Kaa ubavuni mwake, mwelekee upande mmoja, na kila mtu awe na karatasi yake. Wewe unakunja hatua moja, unasimama, yeye anakunja. Usichukue ya kwake mkononi.

Maneno pia yana kazi. “Kunja mshazari” halimwambii kitu mtoto wa miaka sita. “Kona hii iende ikaamkie ile” anaelewa papo hapo. Na ikifika hatua ya tatu akasema amechoka, amechoka. Andika jina lake kwenye karatasi, iwekeni ndani ya kitabu, mtaendelea kesho. Karatasi iliyokunjwa nusu haiharibiki.

Anayetaka kuacha kwa sababu la dada yake ni zuri zaidi, huyo mpe kazi ya kuchagua rangi za wote. Nimeona inafanya kazi kuliko kumsifu kwa uongo.

Mtoto wangu anatumia mkono wa kushoto na mkasi unamsumbua.

Tatizo si mtoto, ni mkasi. Mikasi mingi imeundwa kwa mkono wa kulia, na ukiishika kwa kushoto, wembe wa juu unaficha mstari unaoukata. Kuna mikasi ya mkono wa kushoto, lakini kwa kazi hii huihitaji. Kunja mstari unaotaka kukata, kaza kwa kucha, ugeuze uukunje upande wa pili, kaza tena, kisha pitisha kidole chenye maji kidogo juu yake. Fungua na uchane taratibu kwa mikono miwili. Unachanika umenyooka. Na kopa la mraba lenyewe halina ubaguzi wa mkono, hilo ni sababu mojawapo ya mimi kulipenda.

La utepe linatengenezwaje?

Kata utepe wa urefu wa sentimita 21 na upana wa sentimita mbili au tatu. Kunja katikati: hiyo ndiyo ncha ya chini ya kopa. Chukua miisho miwili, ipinde ndani ielekee chini, ikutane katikati, kisha ibane kwa stepla au gundi. Duara mbili za juu zinajitengeneza zenyewe. Kwa aliye chini ya miaka mitatu usitumie pini za stepla, kwa sababu bado kila kitu kinaenda mdomoni.

Kopa la kusuka ni lipi, na lina uhusiano gani na Denmark?

Huko Denmark, familia hukaa mezani kabla ya Krismasi na kusuka makopa ya karatasi za rangi mbili, mara nyingi nyekundu na nyeupe kama bendera yao, kisha huyatundika kwenye mti. Kopa hilo ni mfuko: linafunguka juu, na watoto hutiliwa pipi au karanga ndani. Kopa kongwe zaidi la aina hii linalojulikana lilitengenezwa na Hans Christian Andersen mwaka 1860, na limehifadhiwa Odense, mji aliozaliwa. Huyu ni yule mtunzi wa hadithi za watoto, aliyekuwa pia fundi hodari wa kukata karatasi kwa mkasi. Zama hizo hizo kule Ujerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule za chekechea, alikuwa amekwisha kuingiza kukunja na kusuka karatasi katika masomo ya watoto wadogo. Kwa hiyo mtu akikuambia unapoteza muda wa watoto kwa karatasi, mwambie ni somo lenye umri mkubwa kuliko yeye.

Sasa kazi yenyewe. Chukua vile vipande viwili vilivyobaki kwenye A4, kimoja chekundu, kimoja cheupe. Kutoka kila kimoja kata utepe wa sentimita 7 kwa 21. (Kinachobaki, cha sentimita 1.7, ndicho mkono wa kuninginizia.) Kunja kila utepe katikati upate sentimita 7 kwa 10.5. Mwisho ulio wazi, ule usio na mkunjo, ukate kwa nusu duara kwa kufuata mdomo wa kikombe. Sehemu iliyonyooka inabaki mraba wa sentimita 7, na juu yake kichwa cha duara.

Kuanzia kwenye mkunjo, kata mikato miwili ya kunyooka kuelekea kichwani, yenye urefu wa sentimita 7 na milimita tatu hivi. Hizo milimita tatu ndizo nafasi ya kupumulia, bila hizo utepe wa mwisho hauingii. Sasa kila kipande kina tepe tatu, na kila utepe una tabaka mbili zilizoungana kwenye mkunjo. Kwa mtoto anayeanza, kata mkato mmoja tu katikati, apate tepe mbili.

Weka vipande viwili vikikutana kwa pembe, vichwa vya duara vikielekea juu kulia na juu kushoto, mikunjo ikielekea chini. Tofauti na kusuka mkeka, hapa hakuna utepe unaopita juu na chini. Kila utepe ama unaingia *ndani* ya mwenzake, katikati ya tabaka zake mbili, ama unamfungulia mwenzake apite ndani yake. Chukua utepe mwekundu wa juu. Uingize ndani ya mweupe wa kwanza. Kisha ufungue, mweupe wa pili apite ndani yake. Kisha uingie ndani ya mweupe wa tatu. Usukume juu kuelekea vichwani. Utepe mwekundu wa pili unaanza kinyume: mweupe wa kwanza anapita ndani yake, yeye anaingia ndani ya wa pili, wa tatu anapita ndani yake. Wa tatu unafuata wa kwanza.

Ukimaliza, ingiza vidole juu katikati ya vichwa na ufungue. Likifunguka kama mfuko, umepatia. Likikataa, kuna mahali utepe ulipita juu badala ya ndani. Rudi nyuma ukatafute, usivute kwa nguvu. Bandika mkono, tia karanga au kashata.

Gundi imeisha. Kuna njia nyingine?

Changanya kijiko kimoja cha unga wa ngano na maji kidogo mpaka kusiwe na mabonge, ongeza maji, pika kwa moto mdogo ukikoroga mpaka iwe nzito na kung’aa. Ipoe kabisa kabla mtoto hajaigusa. Paka nyembamba. Wavulana wanaotengeneza tiara hutumia hata ugali au wali, na inashika. Ubaya wa gundi ya unga ni kwamba mende wanaipenda, hivyo mapambo hayo yasikae ukutani miezi na miezi.

Nataka mtungo mrefu wa makopa dirishani. Nikadirieje?

A4 moja inatoa miraba 12 ya sentimita 7, mitatu kwa upana na minne kwa urefu. Kila mmoja unatoa kopa la sentimita sita hivi. Ukiacha nafasi ya sentimita kumi kati ya kopa na kopa, makopa 12 yanajaza uzi wa karibu mita mbili. Karatasi moja, dirisha moja. Makopa haya madogo wakunje wakubwa, na wadogo wayapange kwenye uzi, kwani kupanga rangi wanakuweza kuliko sisi. Pitisha uzi nyuma, chini ya zile ncha zilizokunjwa za vilele, kisha bandika kipande cha selotepu.

Nitundike wapi na nisitundike wapi?

Mbali na moto, bila mjadala: jiko, mshumaa, koroboi, dawa ya mbu ya kuwasha. Mbali na pangaboi pia, maana uzi ukinaswa unavuta kila kitu. Na usifunge uzi mrefu juu ya kitanda cha mtoto mchanga au mahali anapoweza kuufikia, unaweza kumzonga shingoni. Dirisha linalopigwa na jua la mchana hupausha rangi kwa haraka, basi chagua lile la upande wa kivuli.

Makopa si ya Valentaini tu? Sisi kwetu hatusherehekei.

Kwa Wadenishi ni ya Krismasi. Kwangu ni ya mtu anayependwa, siku yoyote: mgonjwa aliyelazwa, mwalimu anayehama, bibi anayekuja kutoka kijijini, mama aliyejifungua, chumba cha wageni siku ya Idi. Chagueni tukio lenu.

Tunaweza kuandika ujumbe?

Ndiyo, na ni sehemu nzuri kuliko zote kwenye kopa la mraba. Kabla ya kukunja, mtoto aandike au achore katikati ya mraba, upande unaoangalia juu, ule usio na rangi. Likishakunjwa, maneno yamefichika. Nje aandike “Fungua” kwa herufi ndogo. Niliona kopa moja ambalo mtoto wa darasa la kwanza aliandika ndani: “Shikamoo bibi mguu umepona?” Bibi alilifungua, akalisoma, na hakuweza kulikunja tena, kwa hiyo mjukuu akalazimika kuja kumfundisha. Kama mpokeaji hajui kukunja, mtumie na karatasi ya pili tupu.

Tuyahifadhi vipi?

La mraba ni bapa: liweke ndani ya kitabu au bahasha kubwa, na uandike nyuma jina la mtoto na mwaka. La kusuka nalo linalala bapa ukitoa vilivyomo, ila hakikisha hakuna punje ya sukari iliyobaki, sisimizi watalipata. La utepe halihifadhiki. Likichoka, fungua pini, nyoosha utepe, kunja lingine.